Koti la Saizi ya Kati

Guangzhou,
Jumapili, 2 Machi 2025

Mwalimu wangu Japheth, shikamoo.

Barua yako ya Januari imenifikia jana ikiwa ndani ya mkoba wa Bimkubwa, katikati ya pilipili manga na dawa ya meno. Unamkumbuka Bimkubwa, yule mama wa Unguja anayekuja kununua nguo huku, ambaye dada yake ana duka pale Moshi karibu na stendi. Kila safari ananisuta: "We na mwalimu wako mna simu zenu, mie mmenifanya posta." Nimemweleza kwamba Mwalimu Japheth hataki simu, kwamba wachezaji wake wote waliokwenda nje ni lazima waandike kwa mkono, kwa sababu simu inamjibisha mtu kabla hajafikiri. Akasema basi mwalimu wako afikirie na uzito wa begi langu. Kurasa kumi na moja, Mwalimu! Na kila ukurasa una mistari sita. Siku hizi unaandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Karatasi zimeshuka bei huko?

Umeniuliza swali lako lile lile: "Saba, umesimama?" Jibu langu ni lile lile. Bado. Mwaka wa nne sasa mimi ni kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya chuo hiki, na mwaka wa nne nimekaa. Sheria unaijua kuliko mimi. Kwenye benchi anaruhusiwa kusimama kocha mmoja tu kwa wakati mmoja, na Kocha Liang husimama tangu mpira unaporushwa hadi king'ora cha mwisho. Mimi nakaa na ubao mapajani, magoti yanacheza yenyewe, hadi wachezaji wa akiba wananishika magoti kwa mzaha ili benchi litulie. Msimu uliopita nilisimama mara mbili. Mara ya kwanza Liang alitolewa nje kwa kumkaripia mwamuzi, mara ya pili tumbo lilimkamata. Zote mbili tulishinda. Sisemi kitu, nakuhesabia tu.

Nilipomaliza shahada ya pili hapa, nilijiambia nitakaa kwenye kiti cha pili mwaka mmoja. Kila Juni wananiambia mwakani. Mwezi huu kuta zinatoa jasho, soksi hazikauki, na mimi siwezi kukaa chumbani. Nazunguka kampasi yote kwa miguu, nachora mashambulizi nyuma ya risiti za kantini, kisha nazitupa kwa sababu hakuna wa kuyacheza. Mwalimu, nimechoka kubeba ubao wa mtu mwingine.

Umesema timu inataka jezi mpya. Niandikie saizi na namba, nitakwenda mwenyewe sokoni.

Wako mtiifu, asiyetulia,
Judica (Saba)


Moshi,
23 Machi 2025

Judica,

Marahaba. Karatasi hazijashuka bei. Naandika kubwa kwa sababu wewe hukuwahi kusikia nikisema kidogo.

Acha kulia kuhusu kiti. Nilipokutoa kwenye netiboli ulikuwa unajua kuruka tu. Nikakukalisha benchi mwaka mzima, ukanichukia, ukawa unanipita njiani bila salamu. Ulipoingia uwanjani ulikuwa unausoma ulinzi wa watu kama gazeti. Ukawa nahodha wangu, ukawa msaidizi wangu miaka miwili, ukapata ufadhili ukaenda. Hakuna hata hatua moja uliyoipiga ukiwa umetulia. Kwa hiyo sikuonei huruma.

Mvua imeanza. Uwanja una dimbwi kule upande wa kantini, na mpira ukidunda pale unazama. Wasichana wa mwaka huu ni wazuri. Nahodha anaitwa Careen, mwaka wa pili ualimu, mrefu, mkaidi kama mtu fulani ninayemjua. Ukimwambia asipige kutoka mbali, anapiga, halafu anafunga.

Mahitaji ni haya. Jezi kumi na mbili, za kijani, namba nne hadi kumi na tano kama zamani. Wasichana wameniomba sifuri na tisini na tisa, nimekataa, hatuchezi bahati nasibu. Saizi zao Careen ameziandika nyuma ya karatasi hii. Kisha koti moja la kocha, la kijani, lenye zipu, mgongoni liandikwe KOCHA MKUU. Saizi ya kati. Nasema tena, saizi ya kati.

Na nina swali moja. Kama ungepewa timu yako leo, ungeanza na ulinzi gani? Usinijibu haraka.

Mwalimu wako,
Japheth


Moshi, 8 Aprili 2025
(Kwa barua pepe)

Ndugu Judica,

Naitwa Tom, ni Mkuu wa Idara ya Michezo hapa chuoni tangu mwaka juzi. Hatujaonana, lakini picha yako ukiwa na kombe ipo ukutani nyuma ya kiti changu.

Chuo kinatafuta kocha mkuu wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, kuanzia msimu wa Oktoba. Jina lako tumependekezewa na mtu anayekufahamu vizuri. Mshahara hauwezi kulingana na wa Guangzhou, hilo sitakuficha, lakini timu itakuwa yako, na uamuzi wa uwanjani utakuwa wako.

Kwa sababu ambazo sina ruhusa ya kuziandika, nakuomba sana jambo hili usilizungumze na Mwalimu Japheth kwa sasa. Nitashukuru kupata jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Wako katika michezo,
Tom


Guangzhou, 10 Aprili 2025
(Kwa barua pepe)

Bwana Tom,

Jibu ni hapana, na sihitaji mwisho wa mwezi kulifikiria.

Mwalimu Japheth ameiongoza timu hiyo miaka ishirini na saba. Uwanja huo aliupaka mistari kwa mkono wake, na mimi nilimshikia ndoo ya rangi. Leo mnatafuta mtu wa kukaa kwenye kiti chake huku yeye akiwa bado amekikalia, na mnaniomba mimi, mimi kati ya watu wote, nisimwambie. Sitamwambia. Si kwa sababu umeniomba, ila kwa sababu sitaki ajue kwamba ofisi aliyoitumikia inamfanyia hivi.

Huyo mtu anayenifahamu vizuri hanifahamu hata kidogo. Mfikishie salamu hizo.

Judica


Guangzhou,
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mwalimu, shikamoo, na heri ya Pasaka.

Jezi tayari. Jumapili iliyopita nilimsindikiza Bimkubwa kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu. Humo ndani ukisimama sekunde tatu umekwisha, wapagazi wanasukuma marobota na hawana breki. Tulipanda ghorofa ya tatu kwa mama mmoja anayechapisha jezi. Kwanza akatikisa kichwa, "Meiyou, meiyou," eti kijani hana. Bimkubwa akavuta kiti, akakaa, akavua viatu. "Laoban," akamwita, yaani tajiri, "mie siondoki. Kijani ninakiona kile pale nyuma ya mgongo wako." Kikatoka. Kisha akaanza na zipu ya koti: "Hii haifiki hata Ramadhani ijayo, nitolee nyingine." Ikatoka nyingine. Mwalimu, ningekuwa na mlinzi mmoja kama Bimkubwa, tusingefungwa msimu mzima.

Tukafika kwenye koti lako. Alisoma karatasi akamwambia mwenye duka, "Midiamu." Nikamzuia. Nikamwambia mwalimu wangu akisimama mlangoni darasa zima linaingia giza, andika XXL. Bimkubwa akanitazama.

"We mtoto, mie nauza nguo mwaka wa ishirini huu. Mtu hukosea saizi ya mumewe, hukosea ya mwanawe. Yake mwenyewe haikosei. Labda kakonda. Labda koti si lake."

"La nani tena? Kocha mkuu pale ni yeye. Ni mkono tu umeteleza."

"Haya. Mwenye mwalimu ni weye."

Basi nimekusahihishia, usinishukuru. XXL, kijani, maandishi meupe. Mzigo unakuja kwa ndege pamoja na wa Bimkubwa, mwezi ujao utakuwa nao.

Kuhusu swali lako, nilijizuia siku tisa nisijibu, uniwekee alama. Ningeanza na mtu kwa mtu, uwanja mzima, dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Najua utasema wasichana watakata pumzi. Ningewafundisha kubadilishana kila dakika nne, watano watoke, watano waingie, hakuna nyota wala mtumwa. Timu yenye wachezaji kumi wanaokimbia inamsumbua hata aliye bora. Liang anasema huo ni mpira wa shule ya msingi. Mimi bado nauota.

Na wewe niambie ukweli. Chuoni wanakutunza? Hakuna anayekusumbua hapo ofisini? Ukiona mtu anakuchekea sana, mwangalie mara mbili. Kiti hicho ni chako mpaka wewe mwenyewe useme umechoka, na mimi sitakubali mtu yeyote akiguse.

Wako,
Judica (Saba)


Moshi,
1 Juni 2025

Judica,

Mzigo umefika. Jezi zote zipo. Koti lipo. XXL.

Nimeelewa. Sitauliza tena.

Ulinzi wako ni mzuri. Wafundishe hao wa huko.

Japheth


Guangzhou,
Jumapili, 15 Juni 2025

Mwalimu, shikamoo.

Umenikasirikia? Bimkubwa alinipa bahasha nikaipima mkononi, nikadhani kurasa nyingine zimebaki kwenye mkoba wake. Mistari michache tu, na wa tatu umepanda juu ya wa nne. Umeelewa nini? Hutauliza nini? Koti halikukutosha? Mambo haya ndiyo yanayonifanya nitembee. Leo nimetembea saa mbili kando ya mto na barua yako mfukoni, naitoa, naisoma, naikunja.

Nina habari, na nilitaka uwe wa kwanza kuijua. Kocha Liang anaondoka. Amepata timu ya kulipwa kaskazini. Kiti kiko wazi, na waombaji tumebaki wawili, mimi na kijana mmoja aliyekuwa mchezaji wake. Usaili ni Septemba. Mkuu wa idara ameniita, amenimiminia chai, amesema nina nafasi kubwa. Mwafrika wa kwanza, mwanamke, kocha mkuu wa chuo hapa. Mwalimu, nitasimama! Dakika arobaini nzima, na hakuna atakayenivuta shati.

Basi niambie kwa nini sifurahi. Nilitoka ofisini kwake nikaenda uwanjani, nikasimama pale kwenye mstari wa kocha peke yangu, viti vyote vitupu, nikajaribu kuwaona wasichana wakicheza ule ulinzi wangu. Sikuwaona. Nimekitamani kiti hiki miaka minne, na sasa kimesogea, mimi nageuka geuka kama mtu aliyepoteza funguo.

Kuna jambo nimekuficha tangu Aprili. Nimelificha kwa heri yako, na siku tukionana nitalisema. Lakini naona tangu nilifiche, barua zetu hazifanani na sisi. Niandikie ndefu. Nitukane ukitaka.

Judica


Moshi, 9 Julai 2025
(Kwa barua pepe)

Dada Judica, shikamoo.

Mimi ni Careen, nahodha. Jezi namba saba ninayo mimi, Mwalimu alinipa, akasema niitunze kwa kuwa ina mwenyewe. Naomba unisamehe kwa kukuandikia kwa simu. Mwalimu akijua atanizungusha uwanja mpaka nianguke, lakini kwa mkono hii ingekufikia Agosti, na muda utakuwa umepita.

Dada, barua yako ya Juni niliisoma mimi. Nilimsomea. Mwalimu hasomi tena. Ni presha ya macho. Jicho la kulia liliondoka Desemba, la kushoto anaona kama kivuli, na daktari amesema halitarudi. Barua zote za mwaka huu aliandika kwa kalamu ile nene ya ubaoni, huku pua imegusa karatasi. Ile fupi ya mwisho niliomba nimwandikie, akakataa, akasema, "Saba anaujua mwandiko wangu."

Mazoezini bado anakuja kila siku. Anasimama kwenye mstari, anainamisha kichwa, anasikiliza. Anatujua kwa viatu. Juzi alimwambia Dorothea, "Unachelewa kurudi kwenye ulinzi, mguu wa kushoto unauburuza," na kweli alikuwa anauburuza, ameumia kifundo na alikuwa anatuficha. Lakini kwenye mechi kuna kelele za watazamaji, hasikii kitu. Mechi ya mwisho ya Februari alinishika mkono akaniuliza, "Mpira uko kwa nani?" Tulikuwa tumeshafungwa.

Ndipo alipokwenda mwenyewe kwa Bwana Tom, akasema atafutwe Judica. Mimi nilimsindikiza, nilikuwa mlangoni. Bwana Tom alisema, mwandikie wewe, wewe ndiye mwalimu wake. Mwalimu akasema hapana, na usinitaje. Akasema, "Nikimwita mimi, atakuja kwa adabu. Sitaki kocha wa adabu. Nataka aje kwa tamaa yake." Akasema pia kwamba mchezaji anayetoka haendi kwenye meza ya waamuzi kuomba mabadiliko. Anayeingia ndiye anayekwenda mezani, akae pale, asubiri filimbi. Alisema hivyo ndivyo alivyotufundisha sote na hataki kuwa wa kwanza kuivunja sheria hiyo.

Jibu lako kwa Bwana Tom hakuonyeshwa. Bwana Tom alimwambia tu kwamba bado unafikiri, nadhani alimwonea huruma. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa anasubiri mzigo. Nilidhani anasubiri jezi. Siku ulipofika, kabla hatujaisoma barua yako ya Pasaka iliyokuwa humo, tulifungua robota pale kantini, wasichana wakarukia jezi. Yeye akaomba koti. Nikampa. Hakulivaa, dada. Alilikunjua kwenye meza, akalipima kwa viganja, bega kwa bega, halafu mikono, halafu akasema polepole, "Hili ni langu." Nikasema ndiyo Mwalimu, dada amekumbuka una mwili mkubwa. Akasema, "Basi amejibu." Akalikunja vizuri akaliweka kwenye kabati la mipira, na huko liko mpaka leo, lina karatasi yake ya nailoni.

Sikuelewa chochote mpaka nilipomsomea barua yako kwamba Liang anaondoka. Alitabasamu, dada, kabisa. Akaniambia nisome tena pale unaposema nitasimama. Nikasoma mara tatu. Halafu akauliza, saizi yake bado ni ya kati? Nikasema mimi sijui, sijawahi kumwona. Akasema, "Ni ya kati. Alikuwa mwembamba kama kijiti cha bendera, hatanenepa yule, hakai chini." Ndipo nikajua koti lile lilikuwa la nani.

Jina la kocha linatakiwa kufika kwenye ligi ya vyuo kabla ya tarehe 31 mwezi huu. Bwana Tom amesema lisipopatikana, timu ya wanawake haitaandikishwa mwaka huu. Sikuandikii kukulazimisha. Una nafasi kubwa huko na sisi tunajivunia, nimewaonyesha wenzangu picha zako. Nakuandikia kwa sababu Mwalimu anaamini umemkataa, na mimi nimezisoma barua zako, na sioni mahali ulipomkataa.

Mdogo wako,
Careen


Guangzhou, 11 Julai 2025
(Kwa barua pepe)

Careen mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kantini, na watu wamenipita wote.

Nilikuwa nimekasirika kwa ajili yake, nikajiona shujaa. Koti aliloniagizia mimi nikamrudishia yeye, tena nikamwambia asinishukuru. Bimkubwa aliliona kwa jicho moja pale dukani, mtu asiyemjua Mwalimu kabisa! Mimi ninayemjua miaka kumi na sita nikaona ni uzee. Nimelia, nakwambia ukweli, na nina hasira na nafsi yangu ambayo sijui niipeleke wapi.

Nitakwambia na lingine, kwa sababu wewe umekuwa mkweli. Nilipomjibu Bwana Tom hapana, haikuwa kwa ajili ya Mwalimu peke yake. Nilikuwa nakitaka kiti cha Liang. Nilijifunika uaminifu ili nisijione mwenye tamaa. Kwa hiyo sasa usidhani ninakuja kumlipa. Jana nilirudi uwanjani, nikasimama tena kwenye mstari ule, nikajaribu kuuona ulinzi wangu ukichezwa. Safari hii nikauona. Ulikuwa unachezwa kwenye saruji yenye nyufa, na mpira ulikuwa unadunda kuelekea kwenye dimbwi la kantini, na mimi nilikuwa nawafokea waukimbilie kabla haujazama. Nilikuwa na furaha mpaka nikacheka peke yangu, mlinzi wa ukumbi akachungulia.

Nimemwandikia Bwana Tom leo asubuhi. Nimemwomba radhi na kumwomba anipokee, na amejibu baada ya dakika sita. Jina langu linapelekwa Jumatatu. Nimemwandikia pia mkuu wa idara hapa kwamba sitakuja kwenye usaili. Hakuamini, akaniita ofisini. Ameniuliza nimepata timu gani kubwa hivyo, nikamwambia ya Moshi, akaitafuta kwenye simu yake mbele yangu. Tiketi nimekata, tarehe 20 Agosti. Ninaogopa, Careen. Usimwambie mtu.

Mwalimu usimwambie lolote. Barua yake inakuja kwa mkono, Bimkubwa anaondoka Jumatatu. Utamsomea ukiweza, lakini kwanza mpe mwenyewe aishike. Nitaiandika aweze kuisoma.

Anza kukimbia. Wote kumi na wawili. Kila asubuhi.

Dada yako,
Judica


Guangzhou,
Jumapili, 13 Julai 2025

(Kurasa nane, kwa kalamu nene ya ubaoni. Kila ukurasa mstari mmoja.)

MWALIMU, SHIKAMOO.

NILILIKOSEA KOTI, SIKUKUKATAA.

NIMERUDI DUKANI NA BIMKUBWA.

LA KIJANI, SAIZI YA KATI.

NIMELIJARIBU, LIMENIKAA.

HAKUNA ALIYENIITA, NIMETAKA MWENYEWE.

NIPO MEZANI, NASUBIRI FILIMBI.

SABA.


Moshi,
27 Julai 2025

(Karatasi moja, mistari imepandana.)

Saba,

Marahaba. Nimeisoma mwenyewe, asubuhi, juani, ukurasa kwa ukurasa. Careen alikuwa ananishikia tu.

XXL nimelivaa. Linanikaa vizuri, lina joto. Nimemwambia Careen abandue neno MKUU kwa wembe.

Sheria ni ile ile, anasimama mmoja. Mimi nimekaa.

Simama.

Japheth